Anayekufa Aulizwe

Kila mwaka jimbo la Oregon, Marekani, hutoa ripoti kuhusu wagonjwa walioomba dawa ya kumaliza maisha yao. Sheria inayowaruhusu ilianza kutumika mwaka 1997, nayo inamhusu mtu mzima ambaye madaktari wawili wamethibitisha kwamba amebakiwa na miezi 6 au pungufu. Ripoti hutaja pia sababu za maombi hayo, na mtu angetarajia maumivu yatangulie. Hayatangulii. Mwaka baada ya mwaka wengi husema wamepoteza uwezo wa kujiamulia, hawawezi tena kufanya yaliyoyapa maisha yao ladha, heshima yao imeondoka. Hata hofu ya kuwalemea ndugu hutajwa mara nyingi kuliko maumivu.

Kwa hiyo anayesema "nimechoka, bora nife" hazungumzii mwili peke yake. Anauliza kama bado ana nafasi katika nyumba ile. Swali hilo daktari hawezi kulijibu, hata awe hodari namna gani, na bunge ndiyo kabisa. Wa kulijibu ni mke, watoto, wajukuu, jirani wa miaka mingi.

Lakini sisi tunamjibu vipi, ikiwa kwetu mgonjwa mahututi ndiye wa mwisho kupata habari za ugonjwa wake? Mtoto mkubwa huitwa koridoni na daktari, majibu yananong'onwa, kisha wote wanaingia wodini wamechangamka: "Baba, leo umeamka vizuri! Uji umekunywa?" Baba anajua. Anasema "Alhamdulillahi," anageukia ukutani. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na katika kulindana huko hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, angependa kulazwa au kurudishwa nyumbani, au kuna mtu anayetaka aitwe waonane.

Wapo watakaosema kulitaja jambo hili ni kulikaribisha. Nawaelewa, maana nami naamini uhai ni amana. Ila ukimya wetu haujamzuia mtu yeyote kuyatamani mauti. Umemfanya ayatamani peke yake.

Tena kuna haki inayotangulia mjadala wote. Kumpa mtu hiari ya kufa kabla hajapewa dawa ya maumivu si hiari hata kidogo. Uganda walilielewa hilo mapema. Daktari Anne Merriman alianzisha huko shirika la Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya unga ikachanganywa na maji, ikatiwa kwenye chupa za plastiki, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika, kwa sababu kijijini daktari ni adimu. Kijiji kinachotaka kuzungumzia kifo kingeanza hapa: je, chupa hiyo inafika kwetu?

Ikishafika, swali gumu bado lipo. Kanada iliruhusu kifo cha kusaidiwa na daktari mwaka 2016. Audrey Parker wa Halifax alikuwa na saratani ya matiti iliyosambaa hadi kwenye ubongo. Alikwisha kubaliwa, lakini sheria ilimtaka athibitishe ridhaa yake kwa akili timamu siku yenyewe. Alitamani kufika Krismasi. Kwa kuhofia akili itamtoka kabla ya hapo, alichagua kufa Novemba 1, 2018, mapema kuliko alivyotaka. Kabla ya kufa alilisema hadharani, nchi ikamsikia, na mwaka 2021 sharti hilo likalegezwa kwa walio katika hali kama yake. Mwaka huohuo sheria ikafunguliwa hata kwa wasiokaribia kufa, na jumuiya za watu wenye ulemavu zikapinga vikali: mtu asije akapewa kifo kwa wepesi kuliko anavyopewa msaada wa kuishi. Naliona pingamizi lao kuwa zito kuliko hoja nyingine zote.

Hata hivyo simuoni Audrey Parker kama mtu aliyekosa wa kumsikiliza. Alipendwa, alitunzwa, na bado aliomba. Mtu wa namna hiyo akitokea katika ukoo wangu, jibu langu la kwanza lingekuwa hapana. Lakini ningetaka alisikie kutoka kinywani mwangu, nimekaa kitandani pake, naye awe na nafasi ya kunibishia.