Tawakali na Setilaiti

Ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF huruka kutoka Kajjansi, karibu na Kampala, hadi Arua, na muumini anaweza kuuliza: rubani aliyeomba dua kabla ya kuruka, GPS ya nini? Je, hajagawa tegemeo lake? Sioni hivyo. Kifaa chenyewe hakiamini ovyo. Kinahitaji ishara za setilaiti 4: 3 za kupata mahali, ya 4 ya kusahihisha saa yake; ikipatikana ya 5, hugundua kama mojawapo inapotosha. Fundi naye, akishafunga antena juu ya bodi ya ndege, hupima kama nyaya zinaivuruga dira, kisha huandika kazi yake na kutia sahihi. Huko ni kutegemea kwa kuhakiki, na tawakali ya msikitini haiko mbali: timiza wajibu wako, kisha mwachie Mungu.

Atakayesema basi dua haina kazi amesahau kwamba GPS inajua ndege ilipo tu. Haimwondolei rubani kiburi cha kulivaa wingu la mvua kwa kuwa amechelewa. Anayeomba huku kifaa kibovu amekiacha hajamtegemea Mungu, amemjaribu. Abiria anayepandia Arua ana haki ya vyote viwili, dua na kifaa kizima.