Usiku Katika Msikiti wa Cordoba



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Isha tulikaa wanne chumbani hosteli tukitazama video ya ziara ya usiku katika Msikiti wa Cordoba, Hispania, ambao leo ni kanisa kuu la Wakatoliki. Wageni hukata tiketi, huvaa visikilizio, na taa huwashwa sehemu baada ya sehemu. Kwanza giza. Kisha nguzo, ambazo zimebaki zaidi ya 800, na matao yenye mistari myekundu na myeupe. Kisha mihrabu inayong'aa dhahabu. Ndugu yetu mmoja alifuta machozi akasema: "Wallahi nikifika pale nitaswali rakaa mbili, wanikamate wakitaka."

Si maneno ya utani. Mwaka 2010 vijana wa Kiislamu kutoka Austria walijaribu kuswali mle, ikazuka vurugu na walinzi, wawili wakakamatwa. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Je, kijana yule angekuwa shujaa au mkosaji?

Machozi nayaelewa. Abdurrahman wa Kwanza alianza kuujenga karibu mwaka 785, na watu waliswali humo zaidi ya miaka 400, mpaka Ferdinand wa Tatu alipouteka mji mwaka 1236. Lakini historia haikuanzia tunapoanza kulia sisi. Mwaka 997 Almansur aliishambulia Santiago de Compostela, na inasimuliwa kuwa kengele za kanisa lake zililetwa Cordoba kwa mabega ya mateka Wakristo, zikatundikwa msikitini ziwe taa. Ferdinand alipoingia, akaamuru zirudishwe, safari hii kwa mabega ya mateka Waislamu.

Nilipoisoma habari hii darasani nilifunga kitabu nikatoka nje. Ule mwanga wa msikiti tunaoulilia, sehemu yake ulitoka katika kengele za watu wengine! Na mihrabu yenyewe, wanahistoria wetu wanaeleza kuwa vipande vyake vya kioo na dhahabu vililetwa pamoja na fundi kutoka kwa mfalme Mkristo wa Konstantinopoli. Huyo alitoa kwa hiari. Afadhali.

Sasa tujiulize kwa insafu. Mwaka 2020 Aya Sofia iliporudishwa kuwa msikiti, wengi wetu tulishangilia, tukasema mji ulitekwa kihalali. Basi na Cordoba nayo ilitekwa. Hoja inayotupa Istanbul ndiyo inayotunyima Cordoba. Huwezi kuishika kwa mkono mmoja na kuitupa kwa mwingine. Suratul Hajj, aya ya 40, inataja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi kabla ya misikiti, zote kama mahali pa kulindwa. Na Suratul Maida, aya ya 8, haituruhusu kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki.

Kwa hiyo nilimwambia ndugu yetu: ukikata tiketi umekubali masharti ya mwenye mlango, na Muislamu hutimiza sharti alilolikubali. Hapa Kampala, mgeni akija kupanda mnara wa msikiti wa Old Kampala, asiyevaa vizuri hupewa nguo ajisitiri. Je, akiamua kuimba wimbo wa kanisa lake mbele ya mihrabu yetu, tutamwita shujaa? (Mmoja wetu alicheka hapa, lakini hakujibu.)

Hii haimaanishi wanaotukataza wako sawa. Mimi naona jengo lile lina nafasi ya kutosha kwa rakaa mbili za mgeni, na kuliomba hilo kwa barua na kwa adabu ni haki yetu. Ila anayeomba Cordoba ajiandae kuulizwa kuhusu Aya Sofia, na awe na jibu lile lile kwa yote mawili.

Ndugu yetu alinyamaza kitambo. Kisha akasema akijaaliwa kufika ataingia usiku na wageni wengine, ataangalia, na Isha ataiswali hotelini. "Lakini kulia nitalia," akasema. Nikamuuliza kama atazililia na zile kengele. Mpaka leo hajanijibu.