HAKI YA MTOTO HAIKOMI KASUMBALESA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mcheni Allah. Leo tunaongea juu ya deni ambalo wengi wetu hawalihesabu kuwa deni.

Hapa Mashamba, kazi ya shimo ikikauka mwanaume anafunga mfuko. Anapita Likasi na Lubumbashi, anavuka Kasumbalesa, anaingia Zambia. Wengine wanafika mpaka Afrika ya Kusini. Kutafuta riziki si dhambi. Lakini mama mmoja wa msikiti wetu aliambiwa "miezi mitatu tu", na sasa ni mwaka wa nne. Anauza makala barabarani ili watoto watatu wapate bukari. Minervali ya mkubwa haikulipwa, amerudishwa nyumbani.

Na baba yao, Ramadhani iliyopita, alitutumia dola za bati la msikiti. Tulisoma jina lake mbele ya watu, tukamwombea dua. Mama yule alikuwa upande wa wanawake, anasikia. Hakuna mmoja wetu aliyemwuliza yule ndugu: watoto umewatumia nini?

Katika Al-Baqara, aya ya 233, Allah ameweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba wa mtoto. Katika At-Talaq, aya ya 7, mwenye wasaa ameamrishwa atoe kwa wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika kile alichopewa. Hakuna aliyeambiwa asitoe kabisa kwa sababu yuko mbali, au kwa sababu amegombana na mama. Na katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja dinari ya njia ya Allah, ya kukomboa mtumwa, ya maskini na ya jamaa, akafundisha kwamba yenye thawabu kubwa kuliko zote ni ile ya jamaa. Basi bati lingengoja.

Sayyidna Umar (r.a.) aliwaandikia majemadari juu ya wanaume waliokaa mbali na wake zao: watume matumizi, ama watoe talaka; na anayetoa talaka alete matumizi ya siku zote alizoyazuia. Wale walikuwa jeshini, na hawakusamehewa. Sembuse aliyekwenda kutafuta dola?

Barua ile ilikuwa juu ya wake. Kwa watoto, wanazuoni wa Shafi wanasema matumizi ya siku zilizopita hayawi deni mpaka hakimu ayapime. Kwa hiyo, mama, usinyamaze miaka na miaka. Fanya haya:

1. Shika karatasi ya kuzaliwa ya kila mtoto kutoka komini, Dilala au Manika, yenye jina la baba.

2. Andika katika kaye kila alichotuma na tarehe yake, na kila ulichokopa.

3. Enda tribinali mapema. Sheria ya familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawalazimisha wazazi kulisha na kusomesha watoto. Hukumu ya Kolwezi haitamfikia mtu Ndola peke yake, inapaswa kukubaliwa na tribinali ya kule. Lakini kama ameacha hapa nyumba ya kupangisha, hakimu anaweza kuangalia mali hiyo. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Hind kuchukua katika mali ya Abu Sufyan kinachomtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Kinachotosha tu: usiuze kiwanja cha mtu bila hakimu.

Na ninyi baba wadogo, shangazi na kaka mnaojua namba yake ya simu, msimfiche. Kumficha ni kuwanyima watoto. Sisi wa komite tutamwandikia imamu wa kule aliko, na sadaka ya msafiri yeyote hatutaisoma tena kabla ya kumwuliza juu ya watoto wake.

Wewe uliye mbali, kama shofere atakufikishia karatasi hii: anza na kidogo, mwezi huu. Mtoto wako anajua jina lako. Mfanye ajue pia kwamba unamkumbuka.

Allah atusamehe tulionyamaza, awape riziki walio safarini, na awarudishe kwa watoto wao. Amin.