Haidrojeni Ipi Itang'oka Kwanza?

Wewe wa Kigwena, unangoja nini?

Unangoja maabara yenye vigae vyeupe? Unangoja mfadhili ashuke Rumonge akuulize unataka kuwa nani? Mawese yanakamuliwa huko kwenu, yanakaa juani kwenye madumu, yanaanza kunuka. Nawe uliyesoma kemia unapita, unaziba pua!

Simama.

Kwa nini yananuka?

Takribani sehemu moja ya kumi ya asidi za mafuta ndani ya mawese ni linoleiki: mnyororo wa kaboni 18 wenye vifungo maradufu viwili. Kati ya vifungo hivyo, kwenye kaboni ya 11, haidrojeni zimeshikwa kilegevu. Kung'oa moja pale kunataka kilojuli 320 hivi kwa moli. Kwenye kaboni za kawaida za mnyororo, 410 hivi. Oksijeni hupata mwanya hapo.

Na wewe unaweza kuuona mwanya huo kabla hujagusa tone. Chora molekuli kwenye kompyuta. Ng'oa haidrojeni moja, kokotoa nishati ya kilichobaki. Irudishe, ng'oa nyingine. Linganisha. Programu za xtb na Psi4 hazilipiwi. (Ya kwanza ni ya haraka lakini hukadiria tu, namba zake zihakiki kwa ya pili.)

Hazilipiwi! Kisingizio kimebaki kipi?

Umeme unakatika? Mwaka 1952, huko Kyoto, Kenichi Fukui na wenzake walionyesha kwamba elektroni zenye nishati ya juu kabisa hudokeza molekuli itashambuliwa wapi. FUJIC, kompyuta ya kwanza ya elektroni ya Japani, ilianza kazi 1956. Umesikia? Hesabu ilitangulia mashine. Nobel ikaja 1981.

Mambo haya si ya kwetu? Mwaka 2012 vijana wa Afrika walikutana Eldoret, Kenya, katika shule ya ASESMA, wakajifunza kukokotoa mienendo ya elektroni. Eldoret, si Oxford.

Hisabati inakutisha? Anza ukiwa na hofu hiyo hiyo.

Wewe si mtu wa kubeba madumu tu. Wewe si mtu wa kusubiri.

Chaji betri. Mnyororo wote ni mrefu mno kwa usiku wa kwanza. Kata, bakisha kipande cha kaboni tano chenye vifungo vyake viwili. Haidrojeni ya kati, au ya pembeni?

Nataka namba. Usiku huu.