Hakuuliza, Nasi Hatukusema

Motokaa ya mtaa wetu ilikuwa kuukuu, nayo ilikuwa na kelele. Kila asubuhi ilipowashwa ililia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, na Jumapili watoto waliiga sauti ile hata wakati wa matangazo. Kelele ilitoka kwenye feni belti. Fundi mmoja wa njiani alitufundisha dawa: injini ikiwa imezimwa, sugua kipande cha sabuni ya kufulia upande wa ndani wa mkanda. Tukafanya hivyo, kelele ikakoma.

Siku mbili baadaye alikuja mnunuzi, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Sisi tulihitaji fedha za mabati ya darasa la Shule ya Jumapili. Akaiwasha, akasikiliza. "Injini imetulia, wazee wangu," akasema. Nasi tukatabasamu. Akatoa arabuni, tukaagana.

Usiku ule baadhi yetu hatukulala vizuri. Je, tulisema uongo? Hatukutamka neno lolote la uongo. Hakuuliza habari za mkanda, wala sabuni hatukuipaka kwa ajili yake. Hoja hizi zina nguvu, hatuzidharau. Sokoni kila mtu hufungua macho yake. Lakini yeye alifungua na masikio, na sisi ndio tuliokuwa tumeyaziba. Aliiuliza injini, sabuni ikamjibu kwa niaba yetu. Hata mtu anayeweka kidole kwenye mizani hasemi neno.

Tena mkanda ule si kitu kidogo. Katika motokaa nyingi za zamani ndio uzungushao feni, pampu ya maji na altaneta. Ukilegea huteleza juu ya puli, na kule kuteleza ndiko kuliako. Ukikatika, betri haipati chaji, maji hayazunguki, na injini huchemka.

Sisi wa kando ya ziwa hatuwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Hatulinganishi mkanda na misiba ile. Twasema tu kwamba abiria hukata tiketi akiwa hana namna ya kukagua chombo. Hutegemea neno la yule ajuaye. Na mtu wetu wa dagaa angeweza kupakia watoto wake pamoja na magunia, akashika njia ya Magu usiku.

Asubuhi tukampigia simu. Haikuwa kwa kauli moja. Mzee mmoja alitukumbusha mabati, naye hakuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo.

Mnunuzi alikuja na fundi wake. Sabuni ilikuwa imekwisha, kelele imerudi. Fundi akanyunyiza maji kidogo juu ya mkanda, sauti ikazidi. Alisema kama ingetulia kisha ikarudi, angeshuku puli zisizolingana. Lakini kwa kuwa imezidi, mkanda umelegea. Akazima injini, akaubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ulipaswa kuingia kama sentimita 1, nao uliingia zaidi ya mara mbili. Upande wa ndani uling'aa kama kioo, tena ulikuwa na nyufa. Akafunga mpya, akaivuta altaneta kwa nondo, akakaza bolti. Alituonya kwamba kukaza mno nako ni kosa, maana huua bearingi za altaneta na za pampu. Na kwamba mkanda mpya hunyooka, hivyo upimwe tena baada ya siku chache.

Mnunuzi aliuliza swali moja tu: "Habari za sabuni mlizijua?"

Tukajibu, "Tulizijua."

Akanyamaza kitambo. Kisha akapunguza bei, tena kwa zaidi ya gharama ya mkanda, nasi hatukubishana naye. Darasa limeezekwa upande mmoja. Upande wa pili watoto bado wanakaa chini ya turubai.