Jina Lisiloandikwa

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wengi hulitaja neno hili, wachache hulipima. Kuijua asili si kujigamba kwa ukoo mbele ya watu. Ni kuuliza kwa unyofu: ni nani waliokuwako kabla yangu, walitenda nini, nami nina deni gani kwao?

Kijana wa Homa Bay au wa Migori aweza leo kuanza kulijibu swali hili bila kuondoka kwao. Kwa njia ya intaneti aweza kuifungua tovuti ya FamilySearch, inayotunzwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tovuti hiyo haidai malipo, na katika nchi kadhaa za Afrika imekusanya nasaba kutoka vinywani mwa wazee. Aweza pia kutafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye majina ya waliokufa katika vita vikuu viwili vya dunia. Hii ni neema ambayo babu zetu hawakuipata.

Walakini chombo hupoteza abiria kama nahodha hajui njia. Orodha nyingi za namna hii zilitungwa kwa ajili ya watu ambao jina la ukoo hutoka kwa baba likaenda kwa mwana. Kwa desturi ya Wajaluo, jina hufuata wakati wa kuzaliwa: Otieno alizaliwa usiku, Akinyi asubuhi, Okoth wakati wa mvua. Baba na mwana hawakulazimika kuwa na jina moja, na akina Otieno ni wengi kama nyota. Tena, nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori iliandikwa zamani Kavirondo Kusini, na baadaye Nyanza Kusini. Atafutaye kwa jina la leo huenda asione kitu, akadhani kwamba hakuna kitu.

Hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa. Je, mtu asiyeandikwa hakuwako?

Tazama habari ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walikusanya wanaume wengi wa Afrika Mashariki, na wa Nyanza miongoni mwao, ili wachukue chakula na risasi za majeshi. Wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, mbali na kwao. Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi ziko sanamu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi, lakini majina yao hayapo. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ile ya Makaburi ilitoa taarifa na kukiri kosa: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Basi mjukuu akilitafuta jina la mpagazi asilione, orodha haikumthibitishia kwamba babu yake hakufa vitani. Imemwonyesha tu ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kuandikwa.

Katika Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu yasiyoungwa kwa udongo wala chokaa, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia. Hakuna jiwe lenye jina la mjenzi. Je, kuta zilijijenga?

Lakini tusiidharau karatasi kisha tukauabudu ulimi. Ulimi nao una kimya chake. Mzee aweza kutaja mababu kumi kwa mfululizo asitaje hata mama mmoja, kana kwamba wanaume hao walizaana wenyewe. Mwingine huficha aibu, au humpandisha babu yake cheo. Profesa Bethwell Ogot, ambaye kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini kilichapishwa mwaka 1967, aliyategemea masimulizi ya wazee. Lakini aliyapima, akilinganisha nasaba za koo mbalimbali. Huo ndio uadilifu wa mtafutaji: kusikiliza kwa heshima, na kupima bila upendeleo.

Uadilifu huo huweza kuuma. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano wako Wasuba, ambao wazee wao husimulia kwamba wahenga walivuka ziwa kutoka Uganda. Wengi wao leo husema Kijaluo. Atakayeifuata nasaba yake kwa kweli huenda akakuta kwamba yule aliyemwita mgeni ni ndugu yake. Atafutaye majivuno atalificha jambo hilo. Atafutaye kweli atalishukuru.

Basi wewe usomaye, anza nyumbani. Nenda kwa babu na nyanya wangali hai, kwa maana tovuti itakungoja lakini mzee hatakungoja. Uliza majina ya akina mama pia. Andika jina la aliyekusimulia na siku aliyosimulia. Usilolijua usilibuni, na siri ya mtu aliye hai usiitangaze pasipo idhini yake. Kisha ndipo uende kwenye orodha, ukalinganishe.

Ukilikuta jina, shukuru. Usipolikuta, usiseme kwamba mtu huyo hakuwako. Liandike wewe. Aliyekufa hawezi kudai deni lake. Kwa hiyo ni juu ya aliye hai kulilipa bila kudaiwa.