Amana ya Kitu Kilichookotwa

Kitu kilichookotwa ni amana mikononi mwa aliyekiokota. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza aliyekuta ng'ombe wa nduguye amepotea amrudishe, au, asipomjua mwenyewe, amtunze mpaka mwenyewe aje kumtafuta, na afanye vivyo hivyo kwa vazi au chochote kingine. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mwokotaji wa kitu chenye thamani huzishika alama zake, kisha hukitangaza mwaka mzima. Hata akikitumia baada ya hapo, mwenyewe akitokea hulipwa. Alama hazitangazwi zote, maana ndizo zitakazomtambulisha mdai wa kweli.

Machi 2010 mhandisi wa Apple alisahau simu katika baa mjini Redwood City, California. Ilikuwa iPhone 4 ya majaribio, imevishwa kava ifanane na toleo la 3GS. Haikutangazwa kwa mwaka wala kwa mwezi: Gizmodo, chombo cha habari za vifaa vya kielektroniki, kiliinunua kwa dola 5,000, kikaifungua, na tarehe 19 Aprili kikaianika alama kwa alama. Apple ilipoidai kwa barua, ilirudishiwa.

Utetezi wa wanahabari ni kwamba umma una haki ya kujua. Utetezi huo una uzito mkubwa pale kunyamaza kunapodhuru watu. Mwaka 2016, betri za Galaxy Note 7 ya Samsung zilipokuwa zikishika moto, kuchelewa kuwaonya wanunuzi kulikuwa hatari. Umbo la iPhone 4 halikumkinga mtu na lolote, na Apple yenyewe iliionyesha simu hiyo tarehe 7 Juni, wiki saba baadaye. Kilichoshibishwa ni hamu, na hamu ya wasomaji, hata wawe mamilioni, haihalalishi kununua kisicho cha muuzaji. Kurudisha simu nako hakukumaliza deni: chuma na kioo vilirudi, lakini siri, ambayo ndiyo iliyokuwa na bei, haikurudi.

Sheria ya California nayo humhesabu mwizi yule anayejitwalia kitu cha kuokota ilhali ana njia ya kumfikia mwenyewe. Mwaka 2011 wanaume wawili waliohusika na mauzo walipewa mwaka 1 wa uangalizi na saa 40 za kazi za jamii, na kila mmoja akatakiwa kuilipa Apple dola 250. Gizmodo haikushtakiwa. Kwa kipimo cha amana, mnunuzi alikuwa mdaiwa sawa na wauzaji.